Mkate Uliomsubiri Mgeni Rasmi

Iko nchi moja ambayo ramani yake huchapishwa upya kila mwaka. Mipaka haijahama hata hatua moja. Zinazobadilika ni barabara, kwa kuwa barabara yoyote iliyozinduliwa lazima ichorwe, iwe imejengwa au haijajengwa. Wageni wanaoifuata ramani hiyo hutumbukia mashambani na magari yao, nao wakulima huwatoa kwa upole na kuwaeleza kwamba hawajapotea: wako katikati ya barabara kuu, tena ya njia nne.

Katika nchi hiyo kitu hakiwi kitu mpaka kizinduliwe, na zawadi haiwi zawadi mpaka ikabidhiwe. Kisima kinaweza kutoa maji tangu enzi za mababu, lakini kama hakuna kiongozi aliyekikatia utepe, maji yake huitwa unyevu. Daraja lisilozinduliwa huvukwa kwa kificho. Kuhusu utepe wenyewe, inatosha kusema kwamba nyumba iliyofungwa utepe haihitaji kufuli. Hata wezi wa nchi hiyo, watu wasioogopa mbwa wala vigae vya chupa juu ya ukuta, wakiuona utepe mlangoni hugeuza njia. Kuupita kabla ya mgeni rasmi ni kosa lisilo na dhamana.

Mambo haya yote yako chini ya Wizara ya Makabidhiano na Shukrani, ambayo ni kubwa kuliko wizara zote. Ndivyo inavyostahili, kwa kuwa wizara nyingine hufanya kazi mara mojamoja, lakini kila zinapofanya ni lazima hii iwepo, na zisipofanya ndipo hii huzidiwa na shughuli.

Bi Siwatu aliishi katika nchi hiyo mpaka nywele zikawa nyeupe bila kugongana na wizara hiyo. Hakuwa mpinzani wa jambo lolote. Alikuwa mjane anayeoka mkate.

Mkate wenyewe haukuwa na siri. Alikanda unga wa ngano kwa tui la nazi na hamira, akaufunika kwa kitambaa mpaka uumuke, kisha akautia ndani ya sufuria nzito na kupalia makaa juu ya kifuniko, moto juu na moto chini. Ulitoka laini kiasi kwamba ukiubonyeza kwa kidole, shimo lilijaa lenyewe. Sifa hiyo ilidumu siku moja. Kesho yake mkate ulitaka chai ya kuulainisha, na baada ya wiki ungeweza kubishia hodi.

Kila Ijumaa asubuhi Bi Siwatu alipanga mikate katika kapu, akaifunika kwa kanga, akaipeleka Makao ya Wazee Tulizo akipitia lango la nyuma. Aliwaokea wazee wote, lakini hakujidanganya: aliyemtoa kitandani alfajiri ni mmoja tu, Bi Mashavu, dada mkubwa wa marehemu mumewe.

Bi Mashavu hakuingia Tulizo kwa kupenda. Sheria ya nchi hiyo inasema mzee asiye na mtoto ni zawadi kwa Taifa, na zawadi, kama ilivyokwisha kuelezwa, hukabidhiwa. Mkuu wa wilaya alimshika mkono mbele ya kamera, kwaya ikaimba, Taifa likampokea. Baadaye Bi Siwatu alikwenda ofisini kuomba amrudishe wifi yake nyumbani. Akaulizwa kama yeye ni Taifa. Alipojibu kwamba si Taifa, mazungumzo yakaisha.

Chakula cha Tulizo kilikuwa makande, mchana na jioni. Mpishi aliyachemsha kwa muda uliowekwa na mwongozo, na mwongozo ulitungwa na mtu mwenye meno. Bi Mashavu hakuwa na hata moja. Alikunywa mchuzi wa makande, akaziacha punje, akangojea Ijumaa. Siku hiyo alikula mkate ungali na joto, na uliosalia aliuloweka katika chai siku zilizofuata, na kwa njia hiyo wiki ilivukika.

Shukrani hakuwahi kutoa.

"Wifi, umesahau chumvi tena."

"Sijasahau. Daktari amesema presha yako haitaki chumvi."

"Daktari ana meno yake yote, atajua nini? Maskini ndugu yangu! Amekufa hajaonja chumvi ndani ya nyumba yake mwenyewe."

"Ndugu yako alinenepa mpaka akawa anapita mlangoni ubavuubavu."

"Alivimba tu yule, kwa ukosefu wa chumvi. Hebu nikatie kipande kingine nikuonyeshe kasoro ilipo."

Basi Bi Siwatu alikata kipande kingine, na Bi Mashavu akaendelea kumwonyesha kasoro mpaka mkate ukaisha.

*

Aliyeyagundua haya ni Bwana Fidelis Nyangalio, Mratibu wa Makabidhiano wa Wilaya. Alikuja Tulizo Ijumaa moja kukagua kiti cha magurudumu kilichokabidhiwa siku za nyuma, aone kama kingali na utepe wake. Alikikuta nacho, bila mkunjo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kukikalia. Alikuwa anaondoka na furaha yake ndipo akapita ukumbini na kuwaona wazee wakitafuna.

"Mkate huu umekabidhiwa na nani?"

Hakujibiwa. Vinywa vilikuwa na kazi.

"Nauliza, mgeni rasmi alikuwa nani?"

"Mgeni rasmi ni mimi," alisema Bi Mashavu. "Huyu kaleta, mimi nala. Hotuba baadaye."

Bwana Nyangalio hakukasirika. Alivua kofia. Alimgeukia Bi Siwatu kwa sura ya mtu aliyefika hospitali na kukuta mgonjwa amelazwa sakafuni.

"Mama," alisema, "unajua unavyojidhulumu? Miaka yote hii unatoa, na hakuna picha hata moja! Katika kumbukumbu za Serikali, mama yangu, nasema kwa masikitiko, wewe ni mchoyo."

"Lakini mikate imeliwa, mwanangu."

"Imeliwa kwa macho ya kawaida. Kisheria, mkate usiokabidhiwa haujaliwa. Maana yake ni nini? Maana yake wazee hawa hawajala Ijumaa hata moja tangu waje. Aibu hiyo ataibeba nani? Ataibeba mheshimiwa Waziri, mtu ambaye hajakukosea kitu."

Bi Siwatu aliona kwamba kweli Waziri hajamkosea kitu. Akauliza afanye nini.

"Wewe usifanye lolote," Bwana Nyangalio alimtuliza. "Tutakufanyia sherehe."

Mikate iliyobaki ikachukuliwa kuwa kielelezo. Dereva wa Mratibu alionekana akikiangalia kielelezo hicho kwa makini, na walipofika njia panda kilikuwa kimepungua.

*

Kamati ya Maandalizi iliundwa mara moja, maana katika nchi hiyo kamati huundwa haraka kuliko chai inavyochemka. Ilikaa wiki hiyo hiyo, ikakutana na tatizo la cheo. Mkate ni kitu kidogo, na kitu kidogo hukabidhiwa na diwani. Makao ya Wazee, kwa upande mwingine, ni mali ya Taifa, na kinachoingia kwenye mali ya Taifa hukabidhiwa na mtu asiyepungua naibu waziri. Diwani angewadhalilisha wazee, na naibu waziri angedhalilishwa na mkate. Baada ya mjadala mrefu mjumbe mmoja alipendekeza mkate uitwe Mradi wa Mkate, na hapo ukawa na hadhi ya kukutana na Naibu Waziri.

Kamati ikataka sampuli ili ijiridhishe. Bi Siwatu akaoka, akapeleka. Wajumbe walijiridhisha kwa siagi, wakajiridhisha kwa asali, wakaomba sampuli nyingine kwa ajili ya wajumbe waliochelewa.

"Mkate mlaini mno," alisema mwenyekiti akipangusa ndevu. "Hata meno hauhitaji."

"Ndiyo sababu nawapelekea wasio na meno."

"Na ndiyo sababu Kamati imeridhika kuwa utawafaa," alisema mwenyekiti. "Wakati ukifika."

Wakati ulipangwa Ijumaa. Bi Siwatu aliamka alfajiri, akaoka, akafikisha kapu lake langoni, na safari hii lilikuwa lango kubwa la mbele. Mikate ilipangwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, ikakaguliwa, ikazungushiwa utepe. Turubai lilikuwa tayari, viti vya plastiki tayari, kwaya tayari, na wazee walikaa mbele kwa kofia walizovalishwa. Hata harufu ya mkate ilikuwa tayari. Ikatoka taarifa kwamba Naibu Waziri yuko bara anawakabidhi wakulima mvua. Ilikuwa imekwisha kunyesha, lakini wakulima walikuwa wamezuiwa kupanda mpaka wakabidhiwe, na mbegu zilikuwa zikiota ndani ya magunia. Lilikuwa jambo la dharura, kila mtu alielewa.

"Basi wazee wale hii ya leo," alisema Bi Siwatu, "wiki ijayo nioke mingine."

Bwana Nyangalio alimtazama kwa upendo. "Mama, hii imekaguliwa. Ina utepe."

Ijumaa iliyofuata Naibu Waziri hakufika kwa sababu alihamishwa wizara Jumatano na kurudishwa Alhamisi, kwa hiyo siku hiyo alikuwa akijikabidhi ofisi, shughuli yenye kupeana mikono kwingi. Ijumaa iliyofuata tena alikuja hadi njia panda, akapotea kwa kufuata ramani.

Mikate ilikaa chini ya utepe. Kwanza ilikauka, kisha ikaota ukungu wa kijani. Bwana Nyangalio aliutazama, akasema si mbaya, kwa kuwa kijani ni mojawapo ya rangi za bendera.

Wakati wote huo Bi Mashavu alikunywa mchuzi wa makande.

Bi Siwatu alikuwa akimwona kwa mbali, kofia imemshuka mpaka kwenye nyusi. Mara ya kwanza ilimkaa kichwani sawasawa. Alijiambia kwamba kofia imelegea. Alikuwa mtu wa kuangalia mambo yalivyo, kwa hiyo maelezo hayo hayakumsaidia sana.

*

Hatimaye siku ikapatikana, lakini likaja suala la picha. Mpiga picha wa Wizara alifika kabla, akapiga picha mikate ya Bi Siwatu akiwa amesimama, amechuchumaa, na amepanda juu ya gari. Akatikisa kichwa.

"Haionekani. Mheshimiwa akiushika huu atafanana na mtu anayekula."

Kamati iliingiwa na hofu. Naibu Waziri hakuwahi kupigwa picha akifanana na mtu anayekula. Ndipo akaitwa fundi seremala, akachonga mkate wa mninga. Ulikuwa na ukubwa wa kitanda, umepakwa rangi ya kahawia juu na nyeupe ubavuni, na fundi, mtu wa kupenda kazi yake, alichora hata nyufa ndogondogo zinazotokea juu mkate unapoiva. Ubavuni uliandikwa jina la Naibu Waziri, jina la Wizara, na neno UPENDO. Bi Siwatu aliona hana jina pale, akauliza, si kwa kulitaka bali kwa kutaka kujua.

"Wewe umewakilishwa," alijibiwa.

"Na neno gani?"

"Na nyufa."

Naibu Waziri alikuja na magari mengi na kiyoyozi. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti nzito, na alisoma hotuba yake kana kwamba anaikuta kwa mara ya kwanza.

"Ndugu wananchi! Mkate ni nini? Tujiulize. Je, mkate si mkate? Ni mkate! Na mtu asiye na mkate, ana nini? Hana mkate! Serikali yenu imeliona hilo bila kuambiwa na mtu. Wapo wanaosema wazee wamesahauliwa. Waje waone! Nani aliyewahi kuona mkate mkubwa kama huu? Nchi jirani wanao? Hawana! Wanao midogo, wanakula na kumaliza. Sisi wetu hautamalizika!"

Makofi yalipigwa kwa kufuata ishara ya mkono wa Bwana Nyangalio. Maofisa sita waliunyanyua mkate, Naibu Waziri akaugusa kwa ncha za vidole, kamera zikamulika. Kwa niaba ya wazee aliitwa Bi Mashavu, aliyechaguliwa kwa kuwa ndiye mkongwe. Alipewa karatasi ya shukrani asiyoweza kuisoma, akashikwa mabega mawili, akasogezwa.

Aliunyoosha mkono wake mwembamba, akaugonga mkate kwa kifundo cha kidole. Ko, ko, ko. Akangoja kidogo, kama anayetarajia mtu ajibu kutoka ndani.

"Wifi!" aliita akiangaza macho katikati ya watu. "Wifi Siwatu, uko wapi? Leo makaa yamekuzidi!"

Wazee wakacheka. Kwaya ilianza wimbo kabla ya wakati wake.

Sherehe ilipokwisha na viti kukusanywa, Bi Siwatu alimfuata Bwana Nyangalio akiwa na kapu la mikate aliyoioka alfajiri hiyo, ambayo haikuwa imeguswa na mtu.

"Sasa umekwisha kukabidhiwa," alisema. "Niwape hii?"

"Mama yangu! Kwani wamepewa nini muda huu?"

"Mbao."

"Wamepewa mkate. Umeingizwa kwenye kumbukumbu ukiwa mkate, na hautamalizika, umesikia mwenyewe. Sasa wewe ukiongeza mwingine, watu watasemaje? Watasema ule wa Mheshimiwa haukutosha. Unataka kumtukana mtu aliyekuja kwa ajili yako?"

Mkate wa mninga uliwekwa juu ya meza kubwa ya ukumbi wa chakula, ukaienea yote. Tangu siku hiyo wazee walikula makande yao sakafuni.

*

Lilibaki lango la nyuma. Mlinzi wake alikuwa Pandu, mtu mzima aliyempokea Bi Siwatu kila Ijumaa kwa maneno yaleyale: "Pita, Bi mkubwa, mimi nimelala." Ijumaa iliyofuata sherehe alimkuta Pandu amesimama wima na sare mpya, kifungo cha shingoni kimefungwa.

"Pandu, leo hukulala?"

"Siwezi, Bi mkubwa. Lango limezinduliwa."

"Lini?"

"Siku ileile. Mheshimiwa alipotea akitafuta msala, akatokea huku nyuma. Kwa kuwa mkasi alikuwa nao, wakaona wasiupoteze bure." Pandu alitazama pembeni. "Zamani lilikuwa lango tu, ningekupitisha. Sasa ni Lango."

"Kipande kimoja, mwekee mfukoni."

"Mfuko umeshonwa. Ndiyo sare mpya hii."

Bi Siwatu alishusha kapu chini. "Hali yake vipi?"

Pandu alishika kifungo cha shingoni. "Anasema. Mdomo bado anao, asubuhi kamwambia mpishi makande yake yanafaa kujengea. Lakini ule mchuzi sasa anaunywa nusu kikombe, halafu analala. Jana aliniuliza kama leo ni Ijumaa. Nikamwambia bado. Leo kaniuliza tena."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia bado."

Bi Siwatu alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Bwana Nyangalio. Hakulia, kwa kuwa aliwahi kuona watu wakilia mle ndani na haikubadilisha kitu isipokuwa sakafu. Aliuliza swali moja: kitu gani kinaruhusiwa kuingia Tulizo?

Bwana Nyangalio aliona swali hilo zuri, akalijibu kwa uaminifu. Chakula hakiingii, kipo. Nguo haziingii, zilikabidhiwa kofia. Dawa zinasubiri mgeni rasmi. Wageni wanaingia siku ya kilele tu, na kilele hakijatangazwa.

"Kinachoingia bila kuulizwa," alisema, "ni mzee. Wazee wanapungua kila mara, na Makao hayapendezi yakiwa na vitanda vitupu."

"Mzee wa namna gani?"

"Asiye na mtoto."

"Mimi sina mtoto," alisema Bi Siwatu.

Bwana Nyangalio alisimama. Alizunguka meza, akamkumbatia. Machozi yalimtoka, na ya kweli kabisa, kwani mtu huyo hakuwa mnafiki, na hilo ndilo lililokuwa gumu kwake.

"Mama, nilijua unayo nafsi ya kutoa," alisema. "Ila nilikuwa nashindwa kuona utatoa nini."

*

Asubuhi ya kukabidhiwa kwake, Bi Siwatu alioka mkate mmoja. Alikuwa ameyafikiria mambo kwa utaratibu. Ataingia nao mkononi, watakula pamoja, na wiki ijayo atamwomba mpishi sufuria na makaa, kwa kuwa hakuna sheria inayomkataza mzee wa Taifa kuoka. Alipofika kwenye chumvi alisimama. Aliushika mfuko akatazama kinyunya, kisha akatia kiasi ambacho wifi yake alikuwa akikidai miaka yote. Presha sasa haikuwa tatizo la kwanza.

Turubai lilikuwa lilelile, na Naibu Waziri ni yuleyule, ila safari hii aliwahi, kwa kuwa ramani ilikuwa imerekebishwa ikaonyesha alipotelea. Bi Siwatu alivalishwa utepe begani, akasimamishwa karibu na jukwaa na kifurushi chake cha moto kifuani.

"Hicho nini, mama?" Bwana Nyangalio alimnong'oneza.

"Mkate wangu. Naingia nao."

"Hapana, mama. Wewe leo ndiwe unayekabidhiwa. Kitu kinachokabidhiwa hakiwezi chenyewe kukabidhi. Tutachanganya watu."

"Sikabidhi. Nitakula na wifi yangu."

"Ukigawana naye umekabidhi," alisema Bwana Nyangalio, akakichukua kifurushi kwa mikono miwili, kwa heshima, na kwa kuwa hakujua pa kukiweka, akakiweka meza kuu.

Naibu Waziri alikuwa ametoka nyumbani bila kula. Harufu ilimfikia katikati ya hotuba, kwenye sentensi iliyosema wazee ni hazina, akaipunguza. Alikaa, akafungua kitambaa, akamega. Akamega tena. Watu wote walimtazama akila, na mpiga picha, aliyekumbuka adabu, akafunika kamera. Mkate ulipobaki makombo, mheshimiwa alinyanyuka bila kuitwa, akashika kipaza sauti, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya uongozi alisema jambo ambalo halikuandikwa.

"Mimi nauliza," alisema. "Nauliza kwa uchungu. Mkate laini namna hii, wenye chumvi iliyokaa sawasawa, uko hapahapa wilayani. Kwa nini wazee wetu hawapewi mkate kama huu?"

Makofi yakalipuka, na hayakusubiri mkono wa Bwana Nyangalio. Watu walisimama. Wengine walisema hawajawahi kusikia kiongozi akiuliza swali la kijasiri kiasi hicho. Bwana Nyangalio alipanda jukwaani, akatangaza kwamba swali la Mheshimiwa limepokelewa na litaundiwa kamati. Akatangaza pia kwamba jiko la Bi Siwatu, kuanzia saa hiyo, ni Kituo cha Taifa cha Mkate wa Asili. Vijana wa Wizara walikuwa wamekwisha kwenda kulifunga utepe pamoja na sufuria yake, makaa yake na mfuko wake wa unga, likisubiri mgeni rasmi wa ngazi ya juu kabisa. Ngazi hiyo ilikuwa na ratiba iliyojaa.

Bi Siwatu alisikiliza yote akiwa wima. Akashikwa mkono, akapigwa picha, akapokelewa na Taifa.

*

Walimpa kitanda kilichokuwa kitupu, jirani na cha Bi Mashavu. Nje walikuwa wakikunja turubai. Bi Mashavu alikuwa amelala ubavu, mdogo chini ya shuka, kofia ya sherehe ya zamani imewekwa juu ya mto. Alifumbua jicho moja.

"Leo Ijumaa?"

"Ijumaa, wifi."

"Nilijua. Yule Pandu mwongo." Alimtazama mikono, akamtazama mapajani, akatafuta kapu chini ya kitanda kwa macho. "Umeniletea nini?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Wewe hutafuniki." Alivuta pumzi. "Hukuoka?"

"Nimeoka. Alfajiri."

"Uliumuka?"

"Uliumuka mpaka ukasukuma kitambaa."

"Na juu?"

"Juu rangi ya samli iliyoungua kidogo. Nilipoukata moshi ulitoka." Hakuukata yeye, lakini aliona hakuna haja ya kumtaja aliyeumega.

"Tui la kwanza au la pili?"

"La kwanza tupu."

Bi Mashavu alifumba macho. Kutoka ukumbini sahani za makande ziligongwa sakafuni, na mtu mmoja akalalamika kwamba amekosa pa kukaa kwa sababu ya mkate.

"Chumvi?" aliuliza.

"Leo nimetia."

"Kweli?"

"Kweli, wifi. Kiasi unachotaka wewe."

Fizi za Bi Mashavu zilianza kwenda polepole, upande huu na upande huu, kama zilivyokwenda kila Ijumaa, bila haraka, za mtu anayetafuta kasoro na anajua ataipata. Zilikwenda kwa muda. Kisha koo lilipanda, likashuka.

"Imezidi," alisema.